Nyundo Ndogo

Mimi ni daktari wa meno, mtaa wa San Giacomo, Trieste.
Miaka thelathini na mmoja nawapa watu habari
za mahali wasipoweza kupaona.
"Gego la nyuma limeoza," nasema,
nao, vinywa wazi, pamba shavuni,
huitikia kwa macho. Watabisha kwa ulimi gani?

Nina Lancia Fulvia ya mwaka sabini na moja,
nyekundu iliyopauka, milango miwili, mabega mafupi.
Niliinunua kwa mjane mmoja wa Monfalcone
siku niliyotimiza hamsini, dada yangu asijue.
Asubuhi za baridi hukohoa,
na ikipanda kilima cha Opicina kwa gia ya tatu
hutoa mlio, tk, tk, tk,
kama mtu anayehesabu madeni kwa ulimi.
Mganga hajigangi. Nikatafuta fundi.

Wa kwanza ana gereji ya vigae vyeupe,
kahawa ndani ya vikombe vya kioo,
kalenda isiyo na doa la grisi.
Hakufungua boneti. Aliangalia viatu vyangu,
akasema injini ishushwe yote:
elfu sita, nusu leo.
Niliijua ile sauti. Nimewasikia wenzangu wakiitumia,
na mara moja, mwaka ule wa mkopo wa kliniki, mimi pia...
tuyaache hayo.

Wa pili, Fabrizio, kijana wa Muggia, mcheshi,
alikaa na gari wiki tatu.
Lilirudi linang'aa, plagi mpya, oili mpya,
risiti ya mistari kumi na minne,
na tk, tk, tk palepale,
imestarehe kama paka wa mwenye nyumba.

Wa tatu nilimpata kwa jino.
Dereva teksi mmoja, mzee, gari lake lina umri wa binti yangu;
nikamuuliza nani hulitengeneza
huku mikono yangu yote miwili imo kinywani mwake.
Akaomba kalamu, akaandika kwenye kitambaa cha kifuani:
ŽERJAL. PROSEKO. HAPENDI HARAKA.

Siku hiyo bora ilivuma, upepo wetu mwehu,
ikipokonya watu kofia.
Žerjal: koti la buluu, masikio makubwa, redio imezimwa.
"Iwashe," akasema. Akafumba macho
dakika nzima.
Akachukua spana, akakaza nati moja ya bomba la moshi,
mlio ukafa.
Nikafungua pochi. Akatikisa kichwa.
"Hiyo si kazi. Lala chini."

Basi mimi, Nives Cossutta, na koti langu la sufi,
nikalala juu ya kadibodi chini ya gari langu mwenyewe,
yeye ubavuni, tochi mdomoni,
akigonga fremu kwa nyundo ndogo
jinsi nigongavyo mimi, jino baada ya jino.
Nzima. Nzima. Nzima.
Kisha, sauti ya kopo tupu.
"Tia kidole."
Kikazama hadi kwenye pete.
Kutu ikanimwagikia kiganjani kama mdalasini.

Wenzake walitaka kutibu injini, nayo haiumwi.
Kilichokuwa kikinisubiri kwenye kona za Opicina
hakikuwa na mlio wowote.
"Ni pesa nyingi," akasema. "Na sianzi kabla ya Aprili.
Ukimpata mwingine, sawa, ila akulaze chini kwanza."
Nikamwachia ufunguo, nikashuka mjini kwa basi,
kucha zangu zina rangi ya gari.

Jumatatu, mgonjwa wa kwanza: Bibi Degrassi, gego la chini.
Neno langu la miaka yote lilikwisha fika mdomoni.
Nikasita.
Nikavuta taa, nikampa kioo, nikamwongoza kiwiko.
Mimi? yakauliza macho.
"Wewe. Kushoto. Nyuma kidogo. Umeliona?"

Aliangalia muda mrefu sana.
Nami nikasimama pale, mikono nyuma,
nikingoja kama mtu aliyeleta gari.