Rangi ya Mafuta, Makopo Mawili

Mie fundi wa maandishi. Wete hii nimeiandika
majina ya maduka, USIKOJOE HAPA, tarehe za mauti,
na mabango ya kuwapokea wakuu wa mkoa watano.
Wote niliwaandikia KARIBU, kwa rangi ya maji.
Masika ya kwanza, KARIBU ikabaki KARI.
Masika ya pili, ukuta.

Huyu wa sita kanipigia simu mwenyewe.
Bi Salhiya Khatib, buibui na ndara za mpira,
kasimama ubavuni mwa ofisi, zinapoegeshwa baskeli,
kanipa karatasi ya mistari minne.
"Hapa, fundi. Na iwe rangi ya mafuta."

Moja: Mlango huu haulipiwi.
Pili: Glovu na uzi wa hospitali hanunui mzazi.
Tatu: Mzani wa karafuu utasomwa na mwenye karafuu.
Nne: Maji Kiuyu, ifikapo

na hapo pakavu.
"Tarehe, Bi Mkuu?"
"Wacha nafasi. Fundi wa pampu hajanipa neno,
nami sitaki uongo wa rangi ya mafuta."

Nikenda kwa Bwana Ussi wa mahesabu, kama desturi.
Desturi naijua, sijitii umalaika:
unatumia makopo mawili, unaandika manane,
sita yanageuka nyama ya Idi kwa watu nisiowataja,
na mfupa mmoja, wenye nyama yake, unakuja kwangu.
Bwana Ussi hakuniangalia usoni.
"Andika ulichonunua," kasema, kama anayetema kokwa.
Miaka ishirini na mbili!
Mkono uliozoea manane
ulitetemeka kwenye mawili.

Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha.
"Chini kabisa, herufi ndogo," kasema yule mama,
"andika: ukuta huu, makopo mawili,
brashi moja, ufundi siku mbili. Na bei zake."
"Na jina langu?"
"Na jina lako."
Basi nikajiandika: Machano Faki Shaame.
Majina ya watu nimeyachora maisha yangu yote;
langu sikujua M yake nianzie wapi.

Adhuhuri watu wakajaa.
"Tushayasoma haya," mmoja kasema.
"Wapi?"
"Papo hapo. Chini ya chokaa."
Wakacheka, nami nikacheka, maana chokaa ile niliipaka mie.
Mwengine: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini,"
sijui akimtaja nani, ila kwenye ngazi
macho yalinishuka mpaka kwenye ndoo.

Bi Mize wa Limbani hakucheka.
Mwanawe kajifungua Ijumaa ya juzi.
Kaweka kidole juu ya Pili, rangi mbichi,
kidole kikatoka cheusi.
"Jozi tatu nilinunua mie. Na uzi. Nani atanirudishia?"
Mkuu hakusema "tutalifanyia kazi."
Kamuuliza siku, saa, duka gani, nani kamtuma.
Kaandika, kiganjani, kwa kuwa hakuwa na karatasi.
Kama Bi Mize karudishiwa, sijapata habari.
Alama ya kidole chake ipo kwenye P.
Nilishika kitambaa nifute,
nikakirudisha mfukoni.

Vuli imepita. Ukuta haujabanduka.
Moja inasimama: mlinzi aliyekuwa akiomba "ya soda"
siku hizi anaomba hali tu, na kwa uchungu.
Tatu inachechemea: mzani umegeuzwa, uso kwa watu,
lakini Mzambarauni wanasema upo mwengine, uani.
Bi Mkuu kenda mara mbili, hakuukuta.
Ya tatu kenda bila gari.

Nne bado haina tarehe.
Kopo la pili lilibaki robo.
Ningeuza; lina mteja, duka la vipuri.
Kila Jumamosi nafungua kifuniko, nakoroga
lisifanye ngozi.
Nafasi ile ukutani nishaipima:
viganja viwili, na vidole vitatu.