Nukta

Leo saa tisa usiku kitapita karibu nao,
karibu, wanasema, kama hapa na Dodoma.
Mpaka sasa, katika picha zote, mwezi ule ni nukta,
tone la wino lililomponyoka karani.

Kilipoondoka nilikuwa na mimba ya Kokushubila.
Sasa yuko darasa la tatu, ana pengo mbele,
ananiuliza kama chombo kile kina choo.
Nikamwambia hakina mtu.
Akanyamaza kidogo. "Basi nani anaogopa?"

Jioni kapita Mama Ndeshi, mwenye nyumba,
kasimama mlangoni, mkono kiunoni:
"Mwezi, je?"
Nikadhani anauliza ule.
Kumbe wake, wa kodi, ulioandama siku sita nyuma.
Lugha yetu hii! Neno moja tumelitwisha
mshahara, mfungo, damu,
na donge la barafu lisilojua kuwa linaitwa.

Chini ya barafu, wanahisi, kuna maji.
Wanahisi tu. Hapa Kimara, Mavurunza,
siku ya tisa bomba halijatoa hata jasho;
dumu shilingi mia tano, kwa Shangwe wa mkokoteni.
Nilipomsimulia habari ya bahari iliyofunikwa
alitua dumu, akafuta shingo.
"Kina chake?"
Hakuna aliyepima.
"Na wa kubeba?"

Nimetunza bando tangu Jumatatu,
hata video za harusi ya binamu sijafungua.
Simu imejaa chaji. Luku imebaki uniti mbili.
Na bado, niseme kweli, sina haraka.
Picha ikishafika itakuwa na mashimo, na mipasuko,
watu watashinda wakiigawia majina.
Itakuwa mahali.
Usiku huu bado ni nukta,
na ndani ya nukta hakuna kilichokataliwa.

Tena mwanga wenyewe unatembea karibu saa nzima kutufikia.
Nitakapopiga kigelegele
chombo kitakuwa kimeshanipa kisogo,
kinakwenda zake gizani, hakidai shukrani.

Saa nane kasorobo.
Nimepanga ndoo tatu chini ya bomba lililo wazi,
ya nne nimeipindua, juu yake simu.
Kokushubila kalala na sare yake ya shule
ili, kasema, asichelewe kuamshwa.

Bomba limekohoa.

Hewa.

Nasogeza ndoo kidogo, hivi, kushoto.