Koti la Picha

Saa kumi na moja alfajiri, Julai, Mbeya.
Loleza haijavua blanketi lake la ukungu
nami nafungua kibanda, mkabala na geti la Uhamiaji:
mashine ya fotokopi inayokohoa kabla ya kuwaka,
kitambaa cha bluu nilichokipigilia ukutani,
na koti jeusi, moja, la kuazima.

Foleni imeshafika mtaroni.
Wana orodha yao, ya karatasi ya daftari la shule;
wamejiandikisha wenyewe tangu usiku
kwa kuwa ndani hakuna wa kuwaandikisha.

Madirisha ni manne. Nimeyahesabu miaka sita.
La kwanza, pazia.
La pili, mwenyewe kahamishiwa Tunduma, mpakani,
kiti chake kimebaki kinatazama mlango.
La tatu, likizo ya uzazi, Mungu amkuzie.
La nne ni Koplo Ipyana, peke yake:
anapokea fomu, anapiga picha, anachukua alama za vidole,
anajibu simu, anafagia,
na mtandao ukikatika anatoka mlangoni kutuambia
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba usio wake.

Wanamtukana. Hata mimi nimewahi.

Subilaga wa Tukuyu alikuja mara ya kwanza Aprili.
Jina lake kwao ni tumaini;
dirishani akajibiwa kwa neno linalokaribiana nalo:
Subiri.
Mara ya pili kilitakiwa cheti cha mzazi,
mzazi aliyezaliwa kabla mwandika vyeti hajafika kijijini.
Mara ya tatu, umeme.
Mara ya nne mashine ilivikataa vidole vyake.
Miaka thelathini na moja ya kuchuma chai
imeifuta ile michoro, ncha zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.
Weka tena. Bonyeza. Weka tena.
Mashine inasema: hapana mtu.

Kupitia mlango nilimwona Ipyana akifungua droo,
akatoa kichupa cha glisirini, chake mwenyewe,
akampaka kidole kimoja kimoja, taratibu,
kama anayemvisha mtoto soksi,
huku nje watu sitini wanapiga mbinja.
Dakika hamsini. Vidole kumi.
Siku ile walihudumiwa kumi na wanane tu,
na sababu niliijua, sikusema.

Sikusema, maana foleni ni shamba langu.
Kila "njoo kesho" ni kopi mbili, picha nne,
na andazi la mke wangu pale pembeni.
Wakiajiriwa watatu mle ndani
mimi nitauza nini?
Hilo nalo liandikwe.

Pasipoti ilitoka Septemba, tarehe tisa.
Binti yake alikwishavaa joho Agosti, huko Bangalore,
akapigiwa makofi na wazazi wa wenzake.
Subilaga akaja kuichukua hata hivyo.
Akaifungulia hapa kwangu, juu ya mashine yenye joto,
akapitisha kidole kwenye kurasa tupu,
akarudi kwenye picha.
"Koti hili," akauliza, "la nani?"

Nikamwonyesha msumarini.
Amelivaa mhubiri wa Chunya,
wamelivaa wauguzi wawili walioko Maskati,
kijana wa Ileje aliyekwenda kusomea madini,
na dereva wa malori ambaye hakunilipa:
wote wameingia nchi za watu na mabega yangu.
Mimi sijavuka Makambako.

Hakucheka. Akalishika kola, akalipindua kwenye mwanga.
"Kifungo cha pili kimelegea."
Akachomoa sindano kwenye pindo la khanga,
akakishona palepale, amesimama,
vidole visivyosomeka vikienda upesi,
na ng'ambo ya barabara Ipyana akiita
namba saba,
na ilikuwa saa sita.