Gramu Saba

Bayamón, saa nne usiku. Wilnelia
ameazima mizani ya mamaye ya kupimia kahawa.
Aweka vali ya zamani, kisha mpya,
shina tupu ndani kama unyasi.
Gramu saba.

"Gramu saba tu?" acheka Ovidio. "Kwa bei ya friji!"

Hajibu. Akumbuka mizunguko elfu nane,
springi ikihema, vali ikielea,
haijafika kitini, na pistoni hiyo yaja.
Kwetu husemwa kawia ufike;
humu anayekawia hukutwa njiani
akakunjwa.

Springi ngumu zaidi? Ingeitafuna kemshafti.
Mwepesi hurudi kwake bila kiboko.

Aipangusa mizani, airudisha jikoni.
Alfajiri mamaye, kikombe mkononi,
atanusa oili,
asiseme kitu.