Deni la Shati Saba

Daftari la bibi yangu, lina ukurasa ndani:
shati saba za mzungu, wa manowari vitani.
Hajalipa hata fungu, shilingi tatu, thumni.
Ni Mei, arubaini na mbili, kwa wino wake.

Walirudi nyuma nyuma, toka Silani, wachoka,
Wajapani kwa hasama, baharini wawasaka;
kwa chupuchupu salama, Kilindini wakafika,
na bibi akapokea nguo zanuka mafuta.

Lau wangelikutana, zingezama manowari.
Bahari haina bwana, njia wazi ya Misri;
vifaru kiu vyaona, mafuta hayasafiri;
na sisi hapa Mvita, tungeinamia nani?

"Mzigo ni ule ule," kasema ami Mbwarali,
kuli wa miaka ile, makaa kwa senti mbili.
"Bendera hii na ile, bega lake halijali."
Bibi, pasi mkononi, akajibu, hageuki:

"Wangezama, maskini, deni ningelisamehe,
ningekwenda kitabuni, nifute hata tarehe.
Alishinda. Yu nyumbani, na medali, na sherehe.
Basi, mshindi alipe wanga wangu na sabuni."

Nimehesabu kwa simu. Riba katu, nina dini.
Jina lasomeka gumu, limelowa ubavuni.
Shati moja imedumu, ya saba, i sandukuni,
nyeupe, kola ya wanga,
kana kwamba yu njiani.