Dhamana ya Maisha

Komeo lilikatika Jumanne, saa nne kasorobo,
nikibebesha mche wa parachichi
kitaluni kwangu, Barabara ya Ngong,
chini ya bango la rangi za nyumba.
Kisu kikajikunja chenyewe,
kikaniuma kidole cha shahada.
Kikulacho ki mfukoni mwako,
akasema Kaloki, anacheka huku anatafuta kitambaa.

Miaka tisa. Kipini kilikuwa kimebonyea
pale gumba langu linapokaa,
kibonyeo kidogo,
kama mahali mtoto alipolalia mto.
Na kwenye kisanduku chake, ambacho sasa natilia mbegu za mpapai,
imeandikwa kwa herufi za dhahabu: Dhamana ya Maisha.

Duka liko Mtaa wa Biashara,
limebanwa na muuza sare za shule na muuza mablanketi.
Nyanchama wa kaunta ana kucha za samawati
na subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi.
"Risiti?"
Nikampa. Karatasi nyeupe pe,
joto la miaka tisa limelamba wino wote.
Akaigeuza. Akaiinua kwenye taa.
Pembeni, kama njia ya konokono, ilibaki namba saba.
"Saba ya nini?"
Sikujua. Nikasema, bei.

"Na maisha yenyewe ni ya nani," nikauliza mimi sasa,
"yangu, ya kisu, au ya kampuni?"
Akasoma kijikaratasi, midomo ikichezacheza,
akamwita Bwana Hasmukh kutoka stoo.
Bwana Hasmukh akavaa miwani, akafungua, akafunga,
bapa likaning'inia kama taya la mzee usingizini.
"Umekatia nini?"
"Miti."
"Miti tu?"
Nikakumbuka waya wa ua, makopo ya rangi, mwaka ule wa kufuli.
"Miti."

Fomu ina kurasa tatu. Eleza mazingira ya tukio.
Nikaandika: asubuhi, baridi ya Julai, mche ulikuwa tayari.
Nyanchama akakata kwa mstari, akaandika: matumizi ya kawaida.
"Na usikipeleke kwa fundi," akaonya.
"Bisibisi ikigusa skrubu hii, dhamana imekufa."
Nami nilikuwa nimeshapita Barabara ya Kirinyaga,
Otiato amenitajia mia mbili,
kazi ya kuisha kabla chai haijapoa.
Lakini ahadi ni deni, na nilitaka kumwona mdeni akilipa,
japo wao ndio wameshika mpini
na mimi makali.

Wiki kumi na moja.
Nikabebesha kwa wembe, kwa kisu cha sukumawiki,
miche thelathini na miwili ikanyauka.
Kila Ijumaa nikapiga simu.
Kiko njiani. Kiko forodhani. Kiko njiani.
Sikuuliza njia yenyewe inaelekea wapi.

Kisha ujumbe: Njoo.
Kisu kipya, ndani ya plastiki, kinanuka mafuta.
Komeo linalia ta! kama mlango wa gari la waziri.
"Na kile changu?"
"Huharibiwa," akasema Nyanchama, taratibu,
kama muuguzi. "Ndiyo sera."
Nikatia sahihi kwamba nimeridhika.

Gumba hadi leo linatafuta kibonyeo.

Jumamosi iliyofuata akaja mama mmoja kutoka Rongai,
mche wake umekauka ndani ya mfuko wa unga.
"Ulisema ukifa nirudi."
Hana risiti; mimi sijawahi kutoa.
Ulimi ukaniwasha: ulimwagilia vipi? udongo gani? mbuzi je?
Kisha nikaona kovu la wembe shinani, limepinda,
kazi ya mkono wangu.
Nikamchagulia mwingine, wenye vichipukizi vinne.
Akaupokea kwa mikono miwili, akafika ukingoni mwa lami,
akarudi.
"Kile kijiti changu. Nipe."
"Kimekufa, mama."
"Najua," akasema. "Nipe."