Namba ya Chaki

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
chumba kimoja nyuma ya ofisi ya ushirika wa maziwa,
feni mbili, seva moja, mimi na Sengasu:
tumekuja kubadili kiini cha yai
bila kupasua ganda.

Kiini kina tundu. Kiraka kimefika tangu Jumatatu.
Zamani saa hii tusingethubutu.
Tungengoja usiku wa manane, tukazima, tukawasha, tukaomba radhi:
mizani ya Pongwe ikatike, zahanati ianze kuandika upya,
na mashine pepe zilizomo humu
ziamke hazijui zilikuwa zinasema nini.

Baba alikuwa fundi wa korona, shamba la mkonge, njia ya Muheza.
Kubadili visu ni kusimamisha ngurumo nzima,
majani yaliyokwisha kukatwa yakichacha kwenye vitoroli,
meneja akitazama saa yake, si visu.
Akitoka zamu aliandika ukutani kwa chaki,
namba tu, ndani ya duara.
"Anayerudi anajua," alisema. "Asiyejua, asiguse."

Hilo ndilo nililomwambia Sengasu, miezi sita sasa,
yeye akitaka kiini kikisie chenyewe,
kipekue programu, kione cha thamani, kikiweke.
Kiini kipya ni mgeni wa alfajiri, nikasema.
Hakijui mtoto wa nani amelala wapi.
Usimwachie mgeni achague cha kuokoa.

Tukajenga dirisha. Moja. Dogo, si mlango.
Programu inakuja na kitu chake mkononi,
kurasa za kumbukumbu, faili lililo wazi,
inasema: nishikie hiki, namba yangu saba.
Dirisha halihoji saba ni nini.
Linaandika daftarini, na daftari linalazwa
pale ambapo kiini kipya, kikifumbua macho tu,
ndipo kitakapotazama kwanza.
Mali bila daftari, mwisho wake unaujua.

Tuligombana hata juu ya vitenzi.
Mwenye kitu akifa kabla ya safari? Kiachiliwe.
Akija wa pili na namba ileile? Arudishwe.
Akibadili nia pale pale dirishani?
Apewe chake aende, bila maswali.
Na asipokuja kabisa?
Hapo Sengasu alinyamaza, akamenya chungwa lote.

Sasa. Nabonyeza.
Waja leo, waondoka leo, husema watu wa mji huu,
na kiini cha zamani kinaondoka bila kuaga.
Kurasa zimebaki zilipo,
hazikubebwa, hazikunakiliwa,
kama vyombo vya nyumba inayoezekwa upya
wenyewe wakiwa usingizini.
Sekunde moja. Feni zinabadili sauti.
Ya pili. Sengasu ameshika ukingo wa meza.
Kiini kipya kinafumbua macho, kinasoma daftari,
hakigusi kitu.

Saba anakuja, anapewa chake. Kumi na mbili.
Tatu, wa zahanati; sentensi yake haijakatika.
Huko Pongwe mizani inasoma lita arobaini na moja
kama ilivyokuwa ikisoma,
na Bi Mwanamkuu anabishana na mpokeaji juu ya povu,
hajui kwamba kuna kilichokufa.

Namba kumi na tisa haijadaiwa.
Tunangoja. Amri ya kufunga ipo, herufi chache.
"Futa," anasema Sengasu. "Kurasa mbili tu hizo."

Sanduku la zana la baba liko kwangu.
Ndani ya kifuniko, kwa chaki, duara, na nne.
Alianguka kazini, hakurudi zamu.
Nimewauliza mafundi wote walio hai.
Nikilifuta vumbi, kitambaa nakipitisha kando kando.

"Tuipe dakika kumi," nasema.
Hatukuandika kanuni ya hili.
Sengasu anavuta kiti, anatoa chungwa jingine,
ananigawia nusu.